Madebe Manne ya Kijivu

Dubai, 9 Agosti 1987

Dada yangu Mwanatatu,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi ya stoo ni ile ile, na jua la huku mwezi huu linatoa watu ngozi. Nipe hali zenu huko Likoni. Msalimie sana Mama, mwambie mwanawe amefuga ndevu, na picha nimeitia humu ndani ya bahasha ajionee mwenyewe. Nataka kujua kasemaje. Msalimie Bi Mbeyu jirani, na fundi Faki, ambaye nasikia amekwisha kupiga lipu kuta zote za nje. Alhamdulillahi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tangu Baba afariki nyumba ile haijapakwa rangi, na Ramadhani hii inayokuja itakuwa ya nne. Nataka ipakwe kabla ya mwezi kuandama, kama ilivyokuwa ada yetu. Lakini ile buluu sitaki tena. Nimechagua kijivu. Nyumba ya mwenye kazi wetu imepakwa kijivu ndani kote, rangi moja toka mlango wa mbele hadi jikoni, kuta na fremu za milango pamoja, na ukiingia unahisi moyo umetulia. Fremu zetu nazo zipakwe. Sitaki kuiona tena ile mikanda myeupe ya Baba kuzunguka milango.

Rangi ya kununua huko siiamini. Yuko baharia mmoja wa Kisauni, jina lake Obeid, meli yao huja hapa kila baada ya miezi michache. Atakuleteeni madebe manne ya rangi ya mafuta. Wewe kazi yako ni kumwita Faki tu.

Ndimi mdogo wako,
Ishaka


Likoni, 14 Septemba 1987

Mdogo wangu Ishaka,

Waalaykumu salaam, na marahaba. Barua yako ilifika juzi. Sisi hatujambo. Cherehani yangu imevunjika mguu nikaifunga kwa waya, inashona. Bi Mbeyu kaozesha binti yake wa pili, tumekula pilau mpaka tumechoka. Mama hajambo, anakusalimu, hana maneno mengi siku hizi. Picha yako kaishika muda mrefu, kasema umenenepa, Mungu akuzidishie afya.

Ama hiyo kijivu yako, nimesoma mara mbili nikadhani umekosea kuandika. Nyumba ya Mzee Mwidani iwe kijivu? Iwe kama ghala la bandarini? Watu wakiingia watauliza magunia yako wapi. Kwanza, kijivu inakula mwangaza, na nyumba yetu unajua madirisha yake ni madogo. Pili, buluu inafukuza nzi, kila mtu anajua. Tatu, vumbi. Nne, Bi Mbeyu kasema ni rangi ya mkosi. Tano, mimi sitaki, na ninayekaa humu ni mimi.

Buluu ndiyo rangi ya nyumba hii. Baba alikuwa akikoroga chokaa na buluu ya kufulia kila Shaaban, na sisi sote tumezaliwa na kukua humo. Na si rangi ya mchezo ile. Hata lile doa la uani, pale Baba alipojikwaa na debe mwaka ule uliosafiri, lingali buluu hadi leo, mvua zote hizi hazikulitoa. Kwenye kuta ndiyo imefifia, na ndiyo nataka irudishwe, iliyokoza vizuri, na mikanda myeupe ya milangoni iwe vile vile. Hayo ndiyo maneno yangu. Usimpe tabu huyo Obeid wa watu.

Dadako,
Mwanatatu


Dubai, 20 Oktoba 1987

Dada Mwanatatu,

Shikamoo, na baada ya salamu, nimefurahi kwa habari ya harusi ya binti wa Bi Mbeyu. Mimi ni mzima, ingawa kunenepa sijui kumetoka wapi. Nimekonda mpaka suruali nazifunga kamba. Mama kaishika picha muda wote huo asizione ndevu? Nilitaraji ataniapiza nizinyoe.

Dada, umenipa sababu tano na hakuna hata moja yenye kichwa. Vumbi liko kwenye kijivu na kwenye buluu, tofauti ni kwamba kwenye kijivu halionekani, kwa hiyo hiyo ya tatu ni yangu mimi. Nzi hawajui rangi. Mwangaza, nimekwambia rangi ni ya mafuta, inang'aa. Na Bi Mbeyu tangu lini amekuwa mshauri wa kuta zetu? Huyo mlango wake mwenyewe ameupaka kijani nusu, nusu ameuacha mbao.

Mimi ninapopumzika hapa, nikiiwaza nyumba, nataka niione mpya. Sitaki niione ilivyokuwa. Hili si jambo kubwa la kuandikiana barua tatu. Madebe yamekwisha kupanda melini, na Obeid ana ramani niliyomchorea toka feri hadi mlangoni kwetu. Kama una sababu ya sita iliyo ya kweli, iandike. Kama huna, mwite Faki.

Ishaka


Likoni, 30 Novemba 1987

Ishaka,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mvua za vuli zimetunyeshea lakini lipu ya Faki imehimili. Mama anakuombea dua kila sala. Ndevu ni zako, nani akuapize, wewe mtu mzima.

Obeid kaja Ijumaa na madebe yako manne juu ya mkokoteni, katokwa jasho mpaka nikamwonea huruma. Kijana wa adabu. Nimempa wali na samaki, kaamkiana na Mama, kakaa kidogo, kaenda zake Kisauni. Madebe nimeyapanga ukumbini ukutani, na nakwambia mapema kwamba hayatafunguliwa. Mama amekwisha kulifanya moja kiti. Yuko juu yake sasa hivi ninapoandika, anachambua mchele kwa vidole. Ananiuliza naandika nini, nimemwambia naagiza vitambaa.

Sababu ya sita unayoitaka ninayo, ila si yangu kuitoa. Usinichimbe. Wewe ukiambiwa na dada yako aliyekubeba mgongoni kwamba hili halifai, ungesema basi, yakaisha. Badala yake unanihesabia sababu zangu kama mwalimu anayesahihisha daftari.

Na mimi nina swali. Buluu imekukosea nini? Mtu anaweza kupenda kijivu, sawa, kila mtu na macho yake. Lakini wewe hukusema unapenda kijivu. Soma barua zako. Umesema hutaki buluu, hutaki mikanda, hutaki kuiona nyumba ilivyokuwa. Nijibu hilo kwanza halafu tuzungumze.

Mwanatatu


Dubai, 5 Januari 1988

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Huku baridi imeingia, na sisi watu wa pwani tunatembea tumejifunga mablanketi kama wagonjwa. Mpe Mama mkono wangu.

Swali lako ni la kitoto na sitalijibu. Rangi ni rangi.

Nitakwambia jingine. Mwenye kazi amekubali kunipa likizo, mara ya kwanza tangu nije, miaka karibu minne. Huenda nikaja katika Ramadhani. Nilitaka iwe habari ya furaha, sasa umenilazimisha niiandike hivi: kama nyumba haijapakwa kijivu, siji. Nitachukua likizo yangu nikae hapa hapa, nilale siku thelathini. Wallahi simo katika utani. Lipu nimeigharamia mimi, mabati ya juu nimeyaleta mimi, na katika yote hayo sikukuomba neno ila hili moja. Siingii katika nyumba ya buluu. Fanya utakavyo, uamuzi ni wako, ila Mama akikuuliza mbona Ishaka hakuja, umjibu wewe.

Ishaka


Dubai, 29 Januari 1988

Dada yangu Mwanatatu,

Shikamoo. Barua hii haina salamu ndefu, nisamehe, hata jirani zako wanisamehe.

Obeid amerudi jana. Tumekaa naye mkahawani nikamuuliza habari za nyumbani, akanisifia samaki wako, akanisifia Mama. Halafu akasema kitu akidhani nakijua. Kasema alipomwamkia Mama, Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akampapasa toka paji hadi kidevuni, akamuuliza, "Wewe ndiye Ishaka?" Na Obeid alikuwa amesimama mbele yake, mchana, mlango uko wazi. Kasema pia Mama alipotoka kwenda jikoni alitazama ukuta muda, kama anatafuta, halafu akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mkanda mweupe wa mlango, akapita katikati bila kugusa.

Nimekaa na maneno hayo tangu jana. Nimetoa barua zako zote nikazisoma upya. Umenenepa, ulisema. Hana maneno mengi, ulisema. Anachambua mchele kwa vidole. Mimi nikashughulika na nzi na vumbi.

Dada, Mama haoni? Niandikie kweli, usinifiche tena. Na kama ndiyo hivyo, yale maneno yangu ya barua iliyopita nayafuta. Usiipake kijivu. Iache kama ilivyo, na mikanda iache. Barua hii naituma kwa posta ya haraka, Mungu aijaalie iwahi.

Mdogo wako,
Ishaka


Likoni, 2 Februari 1988

Bwana Ishaka bin Mwidani,

Salaam. Barua yako ya tarehe tano Januari ilifika na nimeisoma. Nyumba yako imepakwa kijivu. Faki kaanza Jumatatu kamaliza Jumamosi ya tarehe thelathini. Ukumbi, chumba cha Mama, chumba changu, ushoroba, na fremu zote za milango kama ulivyoamuru. Madebe matatu yamekwisha, la nne limebaki nusu. Faki kaniuliza mara mbili kama nina hakika, kwa sababu naye ana macho na ananijua. Nikamwambia apake.

Inang'aa kama ulivyosema. Sasa njoo.

Mwanatatu


Likoni, 22 Februari 1988

Ishaka,

Barua yako ya tarehe ishirini na tisa imefika leo asubuhi. Hiyo posta yako ya haraka imepita wapi sijui, maana imechelewa kuliko ya kawaida. Nimeisomea mlangoni, nimesimama, kisha nikakaa chini pale pale kizingitini, Bi Mbeyu akapita akaniuliza nani kafa.

Wewe utaniua kwa presha. Miezi sita nakusihi kwa nzi, kwa vumbi, kwa mkosi, natunga uongo mpaka nimeishiwa, hukubali. Siku moja kabla sijamaliza kuiharibu nyumba, ndiyo unakaa kuandika usiipake.

Basi sikiliza, sasa nasema, na Mama akijua nimesema ataninunia mwezi mzima. Alianza mwaka juzi. Mara agonge bakuli, mara amwite Bi Mbeyu kwa jina langu. Nikampeleka hospitali tukapanga foleni siku tatu. Daktari kasema si mtoto wa jicho, ungekuwa mtoto wa jicho angeukata. Ni presha ya macho. Nuru iliyokwenda imekwenda, dawa ni ya kuilinda iliyobaki. Na iliyobaki ni kidogo. Anaona kivuli na mwanga, anaona kilichokoza na kilicho cheupe. Sura haoni tena. Picha yako aliishika, nikamwambia ndiyo wewe, akaipapasa karatasi, akasema umenenepa, basi nikaandika alivyosema.

Akaniapisha nisikwambie. Alisema, "Ishaka akijua ataacha kazi, na alitoka hapa na hasira, asije akarudi kwa huruma. Akirudi arudi kwa kutaka." Sasa wewe niambie, mimi ningefanya nini? Nimevunja kiapo au sikuvunja, Mungu ndiye ajuaye.

Na ile buluu, Ishaka, ndiyo iliyokuwa macho yake. Ukuta buluu, mlango una mkanda mweupe. Anatafuta palipo peupe katikati ya palipokoza, anakwenda. Kwa hivyo alikuwa anakwenda chooni peke yake, anakuja jikoni, anatoka uani kuota jua, hamtegemei mtu. Mwanamke aliyeuza vitumbua gengeni miaka thelathini, unadhani anapenda kushikwa mkono? Hilo ndilo nililokuwa nalipigania. Ilikuwa inafifia na kila mwezi anakosea zaidi, ndiyo nikataka ikozwe.

Faki alipomaliza Jumamosi ile nilimtoa Mama kwa Bi Mbeyu nikamleta chumbani kwake, akakaa kitandani. Nikaenda zangu jikoni. Nikasikia ananyanyuka, nikasikia mkono wake unakwangua ukutani, unakwenda, unarudi. Halafu akaniita, kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanatatu, mbona mlango mmeuziba?"

Tangu siku hiyo hatoki ila nimshike. Hanilaumu. Kaniuliza tu ni rangi gani, nikamwambia kijivu, ya Ishaka, akasema ni nzuri bila shaka.

Nimemrudisha Faki. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, inateleza inashuka yote, kwa hiyo kaanza kukwangua kwa burashi ya waya na msasa, chumba cha Mama kwanza, na nyumba nzima tunapiga chafya ya kijivu. Amekwangua siku kumi. Tukajaribu buluu. Mara ya kwanza ikatoka maji maji, Mama kasema haioni. Tukazidisha vidonge, ikatoka na mabaka. Mara ya tatu ikawa zambarau, Faki kakasirika kaenda kwao Ziwa la Ng'ombe siku nne. Hatukijui kipimo. Baba hakumwachia mtu, wala hakuandika popote. Wewe ndiye uliyekuwa ukikoroga naye kila mwaka tangu u mdogo. Mimi sikuruhusiwa hata kusogea, ati nitalitia debe mchanga.

Nitumie kipimo. Na lile swali langu bado lipo pale pale. Umeikimbia buluu mpaka umemzibia Mama mlango. Sasa nijibu imekukosea nini.

Mwanatatu


Dubai, 12 Machi 1988

Dada yangu,

Shikamoo. Mama naye mwambie namshika miguu.

Nitaanza na kipimo, maana ndicho cha haraka. Debe moja la chokaa iloweke siku mbili kamili, usiikoroge ikiwa moto. Siku ya tatu ichuje kwa kanga kuukuu, ile iliyolainika. Tia chumvi ngumi mbili, za mkono wa Faki, si wako. Vidonge vya buluu ya kufulia ishirini na viwili. Usivitie moja kwa moja, hapo ndipo mabaka yanapotoka. Vifunge kitambaani, vichovye, vikamue, vichovye, vikamue, mpaka kitambaa kitoe maji meupe. Mtu mwengine awe anakoroga wakati wote huo, asisimame hata kidogo, akizunguka upande mmoja tu. Pakeni mikono miwili, wa pili baada ya wa kwanza kukauka kabisa. Ikiwa mbichi itaonekana imefifia, msihamaki, inakoza ikikauka. Baba alikuwa akisema ukiiona nzuri ikiwa mbichi umeikosea.

Sasa swali lako.

Baba hakujikwaa. Ilikuwa Shaaban ile, siku ya kukoroga, na mimi nilikuwa na viza mfukoni ambayo nilikuwa sijamwonyesha. Nilijua atakataa. Yeye ameshika kitambaa cha buluu, ameinama, mimi nimeshika mti wa kukorogea. Nikamwambia pale pale, nasafiri leo alasiri. Hakuinua kichwa. Akasema, "Koroga." Nikasema Baba, nimesema nasafiri. Akasema, "Nimesikia. Koroga, isije ikashika chini." Nikaona ananidharau, ananifanya mtoto. Nikamwambia koroga mwenyewe, mimi si mtumwa wa ukuta wako, na nikalipiga debe teke.

Buluu yote ikaenda uani. Ikafika miguuni mwake. Akachukua ufagio wa chelewa akaanza kuifagia kuelekea mtaroni, polepole, kama kazi nyengine yoyote. Mimi nikachukua sanduku. Nilipofika kwenye kona niligeuka, bado anafagia. Ndiyo mara ya mwisho kumwona. Miezi sita baadaye simu yako ya kifo ikanikuta stoo nahesabu maboksi.

Miaka hii yote nikifikiria kuja, naona kuta zile. Nikasema nikizipaka nyengine nitaweza kuingia. Hivyo tu. Sikuwa najua nampaka Mama macho.

Likizo nimepata. Nitapanda ndege tarehe mbili Mei, katikati ya mfungo, inshallah. Kama mtanipokea.

Ishaka


Likoni, 9 Aprili 1988

Ishaka mdogo wangu,

Waalaykumu salaam. Sisi wazima. Mwezi unatazamwa wiki ijayo, Bi Mbeyu amekwisha kuanika viungo mpaka kwenye ua wetu, na cherehani yangu hatimaye imepata mguu.

Barua yako ilifika Jumatatu ya wiki iliyopita. Kipimo nimempa Faki nikimsomea kama khutuba. Yeye kakamua, mimi nimekoroga, na sasa najua kwa nini hukutaka kukoroga, mikono yangu bado inauma. Ikiwa mbichi ilikuwa mbaya kabisa, imefifia, Faki akasema bwana Ishaka katudanganya. Nikamwambia ngoja. Ilipokauka akachukua burashi ndogo, akaipaka mikanda myeupe ya mlango bila kuambiwa.

Tulimrudisha Mama chumbani juzi mchana. Nikamwacha kitandani kama siku ile, nikajifanya nina shughuli jikoni, lakini nilisimama ushorobani nikaziba mdomo. Kanyanyuka. Katulia kidogo. Halafu kaja, hakunyosha mkono, kapita katikati ya mlango mpaka hapa nilipo, akanisukuma kwa sababu nimemzuilia njia. Akasema, "Ishaka kaja lini? Mbona hakuja kuniamkia?"

Nikamwambia hajaja, Mama. Akasema usinidanganye, hii nani kaikoroga?

Basi nikamsomea barua yako. Yote, hata usiyotaka asomewe. Nilijua utanikasirikia, nami nimechoka kufichiana. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema anayajua. Alikuwa dirishani siku hiyo, aliona teke lako na aliona Baba anavyofagia. Baba alipomaliza aliingia ndani na miguu yake ya buluu, akamwambia, "Mke wangu, nimejikwaa na debe. Watoto wakiuliza, nimejikwaa." Hakulisema jingine mpaka anakufa, na Mama naye akalishika hivyo hivyo.

Hayo ndiyo yaliyokuwepo. Umehangaika miaka minne na ukuta wa mtu ambaye siku ile ile alikwisha kukusitiri.

Kijivu imebaki ukumbini, Faki hajafika huko, na mabega yake yamekataa. Debe la chokaa liko uani, nitaliloweka Jumamosi kabla hujapanda ndege, liwe tayari. Utakoroga wewe. Nusu debe ile ya kijivu iliyobaki tumepakia banda la kuku la Bi Mbeyu, ameipenda.

Tunakungoja. Mama anasema usinyoe hizo ndevu mpaka azishike.

Dadako,
Mwanatatu